Masazo Si Ukarimu

Katika mji wa Lamu na mitaa yake ya pembezoni, Wiyoni ukiwa mmojawapo, yapo maoni yaliyoshika mizizi kiasi cha kutojadiliwa tena: kwamba mwenye kualika watu hana budi kupika kupita idadi ya walioalikwa, kwamba sufuria ikionekana kitako kabla mgeni wa mwisho hajanawa basi nyumba nzima imeaibika, na kwamba chakula kinachobaki watu wakishatawanyika ni ushahidi wa moyo mkunjufu wa mwenyeji. Maoni haya husemwa kwa namna nyingi, ila msemo unaotangulia midomoni ni kwamba heri kisaze kuliko kipungue. Kinachopingwa hapa si ukarimu, kwa kuwa hakuna mtu wa pwani mwenye akili timamu anayeweza kuupinga. Kinachopingwa ni desturi ya kuyafanya masazo yawe kipimo cha ukarimu, desturi inayojiita ya kale ilhali mambo yenyewe ya kale, yakitazamwa kwa makini, hayaiungi mkono.

Ni haki kuanza na upande wenye nguvu wa hoja ya wapinzani, yaani wanaoitetea desturi hiyo. Wiyoni si Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe za kale ambamo mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na ambamo ukubwa wa ukumbi wenyewe huweka mpaka wa idadi ya watu. Katika mitaa ya pembezoni karamu hutandikwa nje, kwa majamvi na mikeka, na jamvi halina mlango wa kufungwa. Anayepita hukaribishwa, na ambaye hakualikwa huja na aliyealikwa. Jamaa wa Pate, Siyu, Faza au Kizingitini hufika kwa mashua au boti, na safari ya bahari hufuata maji na upepo, kwa hiyo anayetarajiwa alasiri huweza kuingia usiku, na anayetarajiwa peke yake huweza kuteremka na wenzake sita. Isitoshe yupo mdowezi, yule anayenusa karamu kwa mbali na kujiketisha bila haya, ambaye mila haziruhusu kumfukuza. Mwenyeji anayeogopa kupungukiwa, kwa hiyo, haogopi kivuli. Hesabu ya wageni Lamu haifungiki kama hesabu ya viti vya hoteli.

Lakini hapo ndipo hoja ya wapinzani inapochanganya mambo mawili yasiyofanana. Kutojua idadi ya watu ni sababu ya kuwa na akiba, wala si sababu ya kuipika akiba hiyo. Mchele uliomo kwenye gunia hauchachi usiku huo, wala hauhitaji kugawiwa kwa pupa alfajiri. Ukibaki, umebaki kuwa mali. Wali uliokwisha kuiva ukibaki, umeanza safari ya kuharibika. Mpishi mzoefu anajua kwamba mchele huiva kwa muda usiofika saa moja tangu maji yachemke, ilhali watu wa karamu ya mtaani hawafiki wala hawali wote kwa mkupuo mmoja: wazee hutangulia, vijana hufuata, wanawake hula upande wao na mara nyingi baadaye. Sufuria ya pili iliyokwisha kubandikwa maji, mchele wake umechaguliwa na kusubiri kando, ni kinga tosha dhidi ya boti iliyochelewa. Biriani ya pwani yenyewe imetungwa kwa namna inayorahisisha jambo hili, kwa kuwa wali hupikwa mbali na mchuzi wake wa nyama hupikwa mbali, tofauti na pilau ambamo kila kitu huiva pamoja. Mwenye biriani anaweza kuongeza wali mara tatu bila kugusa nyama. Kwa nini basi chakula chote kipikwe kabla jamvi halijakaliwa? Jibu la kweli ni kwamba sufuria nyingi zilizojaa huonekana, na gunia lililofungwa halionekani.

Wanaosema kwamba kupima chakula ni tabia ya kigeni, iliyoletwa na mahoteli na wapishi wa kukodi, wameyasahau maneno yao wenyewe. Pwani hii ilikuwa na vipimo vya nafaka vilivyojulikana na kila mtoto: kibaba, ambacho ni kiasi cha ratili moja na nusu, na pishi, ambayo ni vibaba vinne. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19, aliyebeba mzigo kutwa nzima kuelekea bara, alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Hiyo ilikuwa chakula cha mchana na cha usiku cha mwanamume mwenye kazi ngumu kuliko zote. Ikiwa kibaba, ambacho kwa mizani ya leo ni karibu gramu 680, kilimtosha mpagazi siku nzima, ni vigumu kueleza kwa nini mgeni aliyeketi jamvini, aliyekwisha kula sambusa na kunywa sharubati, na ambaye mbele yake pana nyama, kachumbari, achari na ndizi mbivu, apikiwe nusu kilo ya mchele peke yake. Kilo moja ya mchele mkavu hutoa karibu kilo tatu za wali. Sinia ya watu watano ikipewa gramu 750 za mchele, kila mmoja amewekewa zaidi ya gramu 400 za wali, mbali na nyama, na wachache sana kati ya hao watano wataumaliza. Hesabu hii haina ubahili ndani yake. Ina uhakika tu, na uhakika ndio unaokosekana pale mwenyeji anapoambiwa na shangazi zake aongeze gunia jingine kwa usalama.

Dini nayo huitwa kutoa ushahidi, na shahidi anayependwa kuliko wote ni Nabii Ibrahimu, ambaye Kurani inasimulia kwamba alipojiwa na wageni asiowajua alikwenda kwa watu wake akarudi na ndama aliyenona, ingawa wageni wenyewe walikuwa wachache. Ndama mzima kwa watu wachache, husemwa, na hapo mjadala hudhaniwa kuwa umekwisha. Haujaisha. Ndama yule alitoka nyumbani kwa Ibrahimu. Hakukopwa, wala hakukuwa na mchango uliopitishwa kwa majirani ili apatikane. Kinachosifiwa katika kisa kile ni kwamba mwenyeji hakuwauliza wageni kama wana njaa, hakuchelewa, na alileta kilicho kizuri katika alivyo navyo. Hakuna neno lolote katika kisa linalosifu kilichobaki. Kinyume chake, chakula kile kilipobaki bila kuguswa Ibrahimu aliingiwa na hofu, na baadaye ndipo alipotambua kwamba wageni wake ni malaika.

Upande wa pili wa mizani una ushahidi mzito zaidi, nao husomwa madarasani Lamu kila mwaka. Walima, yaani chakula cha harusi kinachoandaliwa na upande wa bwana arusi, ni sunna iliyosisitizwa. Lakini Bukhari amepokea kwamba Mtume alipooa mmoja wa wakeze alifanya walima kwa mudi mbili za shayiri, na mudi ni robo ya pishi, kwa hiyo ni kusema vibaba viwili. Walima wa bibi Safiya ulikuwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Pale palipochinjwa mbuzi, alichinjwa kwa sababu alikuwapo. Mafundisho hayo hayo yanasema kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima unaoalikiwa matajiri na kuachwa maskini. Ubaya wake, basi, hautokani na uchache wa chakula.

Ipo pia istilahi ya kifikihi inayofaa kurejeshwa mitaani, nayo ni takalufu, maana yake kujikalifisha, yaani mtu kujitwisha kwa ajili ya mgeni mzigo asiokuwa na uwezo nao. Imepokewa kwamba Salman Mfursi, sahaba wa Mtume, alijiwa na wageni wawili akawapa mkate na chumvi, akawaambia kwamba lau Mtume asingekataza takalufu angewatafutia zaidi. Mmoja wao akatamani kiungo cha kutia katika chumvi ile, na Salman akapeleka chombo chake cha kutawadhia kwa muuza duka kikawekwa rehani. Walipokwisha kula, mgeni akamshukuru Mungu kwa kuwakinaisha na walichoruzukiwa. Salman akamjibu kwamba lau angekinai, chombo chake kisingekuwa rehani. Kisa hicho kina daftari la duka ndani yake, na kinaeleweka Wiyoni bila kufasiriwa.

Hoja ambayo wapinzani huiona kuwa ngome yao ya mwisho ni ya jirani. Masazo, husemwa, hayatupwi. Hugawiwa, na hivyo ziada ni sadaka. Hoja hii inastahili kukaliwa kitako, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu mwema apike kupita kiasi kwa dhamiri safi.

Masazo ni ya aina mbili, na aina hizo hazina hukumu moja. Yapo masazo ya chungu, yaani chakula ambacho hakikupakuliwa, na yapo masazo ya sinia, yaani kile kilichopelekwa mbele ya watu kikarudi. Adabu ya kula kwa mkono katika chombo kimoja ni kwamba kila mtu ale upande wake, na katikati paachwe, kwa kuwa ndipo panaposhuka baraka. Adabu hii imejengwa juu ya sinia ndogo, inayomalizika kutoka pembezoni hadi kati. Sinia ya karamu za siku hizi hupakuliwa mlima: wali umejazwa mpaka ukingoni, nyama imerundikwa juu, ndizi zimechomekwa kando. Walaji watano huchimba kila mmoja shimo lake, vipande vya nyama vikateremka na kuchaguliwa, mfupa uliotafunwa ukawekwa juu ya ukingo, punje zilizoshikana na vidole zikarudi kwenye wali. Watu wanaponyanyuka, katikati pamesimama kilima kilichomong'onyoka pande zote, kimelowa mchuzi wa kachumbari, na hakuna mama katika mtaa atakayekitia katika bakuli, akakifunika kawa na kukipeleka kwa jirani anayemheshimu. Chakula hicho hupewa mbuzi na kuku, au humwagwa. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa sadaka ni hicho.

Masazo ya chungu ni safi zaidi, lakini nayo hayana muda mrefu kama inavyodhaniwa. Karamu ya usiku huisha saa nne au saa tano, waliochoka hulala, mgao hufanywa asubuhi. Katika joto la pwani wali wa nazi uliolala ndani ya sufuria iliyofunikwa huanza kuteleza, punje zikashikana, na mtu akifunua hupokewa na harufu ya uchachu kabla ya mvuke. Pilau na biriani huvumilia zaidi kwa viungo vyake, ila viungo haviui kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa, huamka wali unapopoa polepole, na huacha sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto. Ndiyo maana washauri wa afya husema wali uliopikwa usikae nje zaidi ya saa mbili. Jirani anayepelekewa sahani saa moja ya asubuhi amepelekewa heshima iliyochanganyika na hatari.

Lakini hata kama chakula kingedumu, hoja ya jirani ingebaki na kasoro ya kiadabu. Kumpa mtu kilichobaki si sawa na kumpa fungu lake. Mwenyeji aliyemkumbuka mjane wa nyumba ya tatu angemhesabu tangu mchele unapopimwa, akampelekea sahani ya kwanza kutoka sufuriani, moto, kabla ya sinia ya wazee kutoka. Na zipo nyumba ambazo bado hufanya hivyo, hasa katika mwezi wa Ramadhani, ambapo sahani za futari hupishana vichochoroni kabla ya adhana ya magharibi. Desturi hiyo ya futari ndiyo ukarimu wa Lamu ulio kamili: kilichopikwa ni kwa kipimo, kinachotoka kimetengwa kwa nia, na anayepokea hapewi mabaki. Anayetetea masazo kwa jina la jirani anamtetea jirani aliyesahauliwa mpaka wageni walipoondoka.

Kwamba ziada ya karamu ni heshima ya kale pia kunahitaji kuulizwa ni heshima ya nani. Historia ya pwani inaonyesha wazi kwamba karamu ya kupindukia ilikuwa silaha ya kugombea cheo. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu Pangani na miji ya Mrima katika karne ya 19, alieleza jinsi karamu zilivyokuwa uwanja wa mashindano baina ya waungwana na wale waliotaka kuhesabiwa kuwa waungwana. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya wanawake vya lelemama vilishindana kwa ngoma, mavazi na karamu hadi baadhi ya wanachama wakaingia madeni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliukemea ufujaji wa mali katika arusi na matanga, na aliukemea akiwa mtoto wa pwani na mwanachuoni wake, wala hakuwa mgeni wa mila hizo. Na mshairi wa Al-Inkishafi alipoutazama mji wa Pate ulioanguka, majumba yenye karamu na taa yalikuwa sehemu ya ushahidi wake juu ya watu waliojisahau. Wanaodai kurithi mila wachague basi wanarithi upande upi wa mila hiyo, wa walioshindana au wa walioonya.

Mashindano hayo yalipokuwa ya matajiri, hasara ilikuwa yao. Yaliposhuka hadi mtaa wa wavuvi, mafundi na wachukuzi, yamebadilika sura. Kipato cha bahari si cha kila mwezi: wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini unaovuma katikati ya mwaka, vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi, na wakati wa kaskazi bahari hutulia na samaki hupatikana. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kafyu na marufuku ya kuvua usiku viliongeza dhiki kwa miaka kadhaa, na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu uliwagusa wavuvi kiasi cha Mahakama Kuu, mwaka 2018, kuamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Katika hali hiyo gunia la ziada haliko stooni. Limo katika daftari la duka, na mchele, mafuta na sukari vilivyokopwa kwa karamu ya usiku mmoja hulipwa kwa samaki wa miezi inayofuata. Kila kitu kimevuka maji kabla ya kufika jikoni, kikapandishwa punda na kuongezewa gharama ya mchukuzi. Na anayesimama juu ya moto tangu alfajiri kwa ajili ya wali utakaomwagwa, akakuna nazi, akachambua mchele, kisha akasugua masufuria ya kuazima siku ya pili, mara nyingi ni mwanamke ambaye hakuulizwa kipimo.

Vinywaji vina somo lao, nalo ni fupi. Kahawa ya pwani hutiwa katika kikombe kidogo kisichojaa, ikarudiwa kila kinapokwisha, na miongoni mwa Waswahili walioko Omani mgeni hutikisa finjani yake anapotosheka. Hakuna aliyewahi kumwita mwenyeji bahili kwa kutia kahawa kidogo, kwa sababu kila mtu anajua kwamba birika halijaisha. Kanuni hiyo hiyo ingetosha kwa sinia: kipakuliwe kidogo, mpakuzi asimame karibu, kiongezwe kabla hakijaombwa. Soda zinaweza kuchukuliwa dukani kwa makubaliano kwamba kreti zisizofunguliwa zitarudi. Sharubati ya ukwaju au ya embe ikorogwe kwa mitungi, si kwa pipa, kwa kuwa barafu ikiyeyuka huwa maji ya rangi. Maji ya kunywa peke yake ndiyo yasiyofaa kupimwa, na hapa wapinzani wana haki kabisa: katika kisiwa ambacho maji yake matamu hutegemea visima vya matuta ya mchanga ya Shela, mgeni aliyetoka juani apewe maji bila kuhesabiwa bilauri.

Wapo wanaokubali haya yote, kisha wakataka serikali iingilie. Pakistani ilijaribu: mwaka 1997 vyakula vya karamu za arusi vilipigwa marufuku, na sheria ya jimbo la Punjab ya 2016 iliruhusu chakula cha aina moja tu. Sheria ya namna hiyo humfanya mwenyeji mtuhumiwa na humpa askari sababu ya kuingia jikoni, na haifai Lamu. Hata hivyo mwaka 2020, serikali ya Kenya ilipopunguza idadi ya watu arusini kwa sababu ya korona, ndoa zilifungwa kwa watu wachache na sinia chache, na hakuna ndoa iliyobatilika wala ukoo uliopoteza jina. Kilichoonekana wakati huo ni kwamba aibu ya kupungukiwa si sheria ya maumbile; ilikoma pale kila nyumba ilipopunguza kwa pamoja, na ikarudi masharti yalipoondolewa.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na wapinzani wakiuliza nani aanze wameuliza swali la maana. Fukara wa Wiyoni hawezi kuanza. Akipima mchele wake sawasawa, mtaa utasema hana, na hatakuwa na la kujibu kwa kuwa ni kweli hana. Anayeweza kuanza ni yule ambaye kila mtu anajua kwamba ana uwezo wa kuchinja ng'ombe watatu: mwenye boti, mwenye duka, mheshimiwa anayeoza binti yake, imamu anayeongoza hitima. Huyo akipakua sinia ndogo, akatanguliza sahani za majirani, akaacha magunia mawili yamefungwa kando ya jiko watu wakiyaona, hakuna atakayesema hana. Mpaka afanye hivyo, kumlaumu mvuvi kwa deni la karamu ni kumlaumu kwa kuiga alichofundishwa na waliomzidi.